Muhammad wa Katsina, Mwalimu wa Miraba ya Ajabu

Wanafunzi wa vyuo vya ualimu husoma majina ya mabingwa wengi wa hesabu, na takriban wote ni wa Ugiriki, wa nchi za Kiislamu za mashariki au wa Ulaya. Ni nadra sana kukutana na mtu wa Afrika kusini ya Sahara katika orodha hiyo. Katika makala haya tunakusudia kusimulia maisha ya mmoja wao, naye ni Muhammad bin Muhammad al-Fullani al-Kishnawi, Mfulani wa Katsina, mji ulioko kaskazini mwa nchi ambayo leo huitwa Nigeria. Alifariki Cairo mwaka 1741, akaacha nyuma kitabu juu ya miraba ya ajabu. Tumemchagua yeye kwa kuwa kazi yake inagusa jambo ambalo mtoto wa Unguja huenda akalijua kabla hajaingia skuli, ingawa hajui kwamba ni hesabu.

Mraba wa ajabu ni umbo lililogawanywa katika vyumba vilivyo sawa, kila chumba kikiwa na nambari yake, wala hapana nambari inayorudiwa. Ajabu yake ni hii: ukijumlisha nambari za mstari wowote wa kulala, wa kusimama au wa mshazari, unapata jumla ile ile. Mraba mdogo kuliko yote unaowezekana, tukiuacha ule wa chumba kimoja, ni wa vyumba tisa, nao hutumia nambari 1 mpaka 9:

4 9 2
3 5 7
8 1 6

Jumla yake kila upande ni 15. Mtoto wa Malindi, wa Donge au wa Makunduchi huenda ameuona mraba huu katika karatasi iliyokunjwa ndani ya hirizi, umeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu au kwa herufi. Waliosoma chuoni watakumbuka kwamba katika hesabu ya abjadi kila herufi ina thamani yake: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, na kuendelea. Mraba huo ukiandikwa kwa herufi, pembe zake nne hubeba be, dali, wau na ha, yaani 2, 4, 6 na 8; na herufi hizo nne zikisomwa kwa pamoja zimekuwa neno linaloandikwa peke yake juu ya hirizi na barua katika nchi nyingi za Kiislamu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliutaja mraba huu wa tisa kuwa unatumiwa na watu kumsaidia mwanamke aliye katika uchungu wa kuzaa, na mpaka leo wapo wanaouita kwa jina lake. Wachina nao waliujua tangu zama za kale. Kwa hiyo al-Kishnawi hakuuvumbua mraba, na wala hakudai hivyo. Alichofanya ni kuisoma elimu yake tangu ujanani, kuichukua kutoka upande mmoja wa Afrika mpaka upande mwingine, na kuiandika kwa namna ya mwalimu.

Katsina ya zama zake ilikuwa mji wa biashara na wa elimu. Misafara iliyovuka jangwa la Sahara ilifika pale kutoka kaskazini, ikaleta nguo, chumvi na vitabu. Waarabu waliutamka mji huo Kashna, na ndipo likatoka jina al-Kishnawi. Al-Fullani ni nisba ya kabila lake. Alisoma kwa masheikh wa nchi yake na wa nchi jirani za Burnu na Baghirmi, kandokando ya Ziwa Chad. Mmoja wa walimu wake, Sheikh Muhammad Bindu, ndiye aliyempa elimu ya herufi na ya miraba. Elimu hiyo haikufundishwa peke yake. Mwanafunzi alijifunza sarufi ya Kiarabu, fiqhi, mantiki, hesabu za mirathi na namna ya kujua nyakati za sala kwa kutazama jua na nyota. Elimu ya miraba ilikuwa tawi moja la mti huo. Al-Kishnawi mwenyewe baadaye aliandika pia juu ya sarufi. Jambo hili wanafunzi wa ualimu wa leo wanapaswa kulizingatia, kwa maana tumezoea kuyaweka masomo katika vyumba vilivyofungwa, hesabu huku na lugha kule, mpaka mtoto akadhani kwamba aliyeandika insha vizuri hawezi kuwa hodari wa nambari.

Mwaka 1730 alihiji. Safari ya mtu wa Katsina kwenda Makka katika karne ile ilichukua miezi mingi, na wengine iliwachukua miaka, kwa kuwa msafiri alisimama njiani kusoma, kufundisha au kujitafutia riziki. Baada ya hija alikaa Makka kwa muda, akaanza kuandika kitabu kikubwa juu ya talasimu na nyota, kisha akaenda Cairo na kukimaliza huko mwaka 1733. Katika miaka hiyo hiyo, mnamo 1732 na 1733, ndipo alipoandika risala yake juu ya herufi na miraba. Hakurudi tena kwao.

Msomaji wa Unguja haoni ugeni katika habari ya mtu kuacha nyumba yake kwa ajili ya elimu. Karne moja na nusu baadaye Sheikh Ahmed bin Sumeit (1861–1925), aliyezaliwa Ngazija na kuwa kadhi wa Unguja, naye alisafiri mpaka Istanbul na Makka, akarudi Mji Mkongwe na kufundisha mpaka mwisho wa uhai wake. Tofauti ni kwamba Sheikh Ahmed alirudi na kusomesha vizazi vya hapa, na jina lake likabaki vinywani mwa watu. Al-Kishnawi alibaki ugenini, na jina lake lingepotea kabisa lau si nyumba moja ya Cairo.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Hasan al-Jabarti. Jina al-Jabarti latokana na Jabart, nchi ya Waislamu wa upande wa Zeila na Uhabeshi, na wazee wa Hasan walitoka huko. Wanafunzi wa upande huo walikuwa na bweni lao katika Msikiti wa Al-Azhar, na ukoo wa Hasan ndio uliolisimamia. Basi katika Cairo ya karne ya 18 walikutana mtu wa Afrika Magharibi na mtu ambaye asili yake ni Afrika Mashariki, mmoja akawa mwalimu na wa pili mwanafunzi. Hasan, aliyezaliwa mwaka 1698, alikwisha kuwa msomi anayejulikana, lakini alikaa mbele ya al-Kishnawi akajifunza miraba. Al-Kishnawi alifia katika nyumba ya mwanafunzi wake huyo. Mtoto wa Hasan, Abdurrahman al-Jabarti (1753–1825), ndiye mwanahistoria mkubwa wa Misri, na katika tarikhi yake alimtengea Sheikh wa Katsina sehemu yake, akataja walimu wake, safari zake na vitabu vyake. Mengi tunayoyajua leo yametoka humo. Mwalimu asiyeacha mali wala ukoo katika mji ule aliingia katika historia kwa kuwa mwanafunzi mmoja alimsimulia mwanawe habari zake.

Sasa tuitazame risala yenyewe. Mwandishi anaeleza namna ya kuijenga miraba ya idadi witiri, yaani yenye vyumba vitatu kwa vitatu, vitano kwa vitano, saba kwa saba na kuendelea. Hakutosheka na kuonyesha miraba iliyokwisha kujazwa. Alitoa kanuni ambayo mwanafunzi angeweza kuifuata mwenyewe mpaka mraba ukamilike. Pamoja na kanuni, alimwelekeza msomaji wake mambo mawili ambayo kwetu sisi walimu yanavutana. La kwanza ni subira: asikate tamaa akikosea, kwa kuwa kukata tamaa si katika adabu za fani hii, bali avumilie kama anavyovumilia mtu aliyeshikwa na mapenzi. La pili ni siri: afanye kazi hiyo faraghani, wala asiisambaze ovyo, kwa kuwa aliamini herufi na nambari zina siri za Mwenyezi Mungu.

Hapa yafaa tuwe wakweli. Baadhi ya waandishi wa siku hizi, kwa nia njema ya kuitukuza Afrika, humwonyesha al-Kishnawi kama mtaalamu wa hesabu wa namna ya vyuo vikuu vya leo, na kunyamazia kimya talasimu na nyota. Sisi hatuoni kwamba heshima yake inahitaji kufunikwa hivyo. Yeye hakutenganisha hesabu ya mraba na matumizi yake. Na Isaac Newton, aliyefariki mwaka 1727, naye alitumia miaka mingi akitafuta siri ya kugeuza madini kuwa dhahabu. La maana kwa mwalimu ni kujua kwamba kanuni ya mraba hufanya kazi kwa yeyote anayeifuata, awe anaamini siri yake au haamini, na kwamba hili ndilo linaloifanya iwe somo la skuli.

Kanuni ya namna hiyo leo tunaiita programu. Neno limekuja pamoja na kompyuta, lakini jambo lenyewe ni la kale: ni mfululizo wa amri zilizo wazi kiasi kwamba mwenye kuzifuata hana haja ya kubahatisha. Kwa ajili ya darasa tunapendekeza kanuni ifuatayo, ambayo hatusemi kwamba ni ya al-Kishnawi. Iliandikwa na Mfaransa Simon de la Loubère katika kitabu alichokitoa mwaka 1691 baada ya ubalozi wake nchini Siam, naye alikiri kwamba ilijulikana kwa Wahindi wa Surat, bandari ile ile ya Bara Hindi ambayo nguo zake ziliuzwa katika pwani yetu. Amri zake ni nne.

Kwanza, andika 1 katika chumba cha kati cha mstari wa juu. Pili, kwa kila nambari inayofuata, nenda kwa mshazari, chumba kimoja juu na kimoja kulia. Tatu, ukitoka nje ya mraba kwa upande wa juu, ingia chini kabisa katika safu uliyokuwa unaiendea. Ukitoka kwa upande wa kulia, ingia kushoto kabisa katika mstari uliokuwa unauendea. Na ukitoka kwenye pembe, kwa juu na kulia kwa pamoja, fanya yote mawili. Nne, ukikuta chumba unachokiendea kimejaa, rudi ulipotoka ushuke chumba kimoja chini. Tukizifuata kwa vyumba tisa tunapata:

8 1 6
3 5 7
4 9 2

Na kwa vyumba ishirini na tano:

17 24 1 8 15
23 5 7 14 16
4 6 13 20 22
10 12 19 21 3
11 18 25 2 9

Jumla ya kila mstari hapa ni 65. Tunashauri mwalimu asianze kwa kuzisoma amri hizi mbele ya darasa. Aanze mchangani, chini ya mwembe au mkungu wa uwanja wa skuli. Watoto wachimbe vishimo tisa, tatu kwa tatu, wapewe komwe 45, na waambiwe wazigawe ili kila kishimo kiwe na idadi yake ya peke yake, kutoka 1 mpaka 9, na kila mstari uwe na komwe 15. Watoto waliozoea bao wana mkono mwepesi wa kuhesabu na kugawa komwe, na watajaribu mara nyingi bila ya kuchoka. Baada ya nusu saa watu wawili au watatu watakuwa wameupata mraba, na wengine watakuwa karibu. Hapo ndipo maneno ya al-Kishnawi juu ya subira yanapopata maana, wala mwalimu hana haja ya kuyahubiri.

Kisha mtoto mmoja afanywe kompyuta. Mtoto huyo asijue shabaha ya mchezo. Kazi yake ni kutii tu. Wenzake wampe amri moja moja, naye azitekeleze kama zilivyosemwa, hata zikiwa za kijinga. Wakisema panda juu bila ya kusema chumba kimoja, na asimame. Kwa njia hii watoto hugundua wenyewe kwamba kompyuta haina akili ya kukisia makusudio ya mtu, na kwamba makosa mengi ya programu ni makosa ya lugha. Mwalimu wa Kiswahili angeweza kukitumia kipindi hiki kwa somo la kuandika maelekezo, na hesabu isikose kitu.

Tumefika penye jambo tunalolipa uzito kuliko mengine yote. Tazama tena mraba tuliouandika mwanzo, wenye 4, 9 na 2 katika mstari wa juu, na ule uliotokana na amri nne, wenye 8, 1 na 6. Watoto wawili walioupata kila mmoja wake watabishana nani kapata jibu. Mwalimu asiwaamue. Awape karatasi nyepesi inayopenyesha wino, wauandike mraba mmoja kwa wino mzito, kisha waigeuze karatasi juu chini na kuutazama kwa nyuma. Wataona kwamba mmoja ni kivuli cha mwingine, kama nyumba ya Forodhani inavyoonekana katika maji ya bahari iliyotulia. Hii ndiyo maana ya ulinganifu: umbo laweza kugeuzwa, na mpangilio wake wa ndani usivunjike.

Waendelee kuizungusha karatasi robo ya duara kila mara. Upande wa mbele utawapa sura nne, na upande wa nyuma sura nne nyingine. Jumla ni nane. Je, ipo ya tisa? Hili ni swali ambalo watoto wa darasa la tano na la sita wanaweza kulijibu kwa hoja. Mistari minne hupita katika chumba cha kati: mmoja wa kulala, mmoja wa kusimama na miwili ya mshazari. Jumla ya mistari hiyo ni mara nne 15, yaani 60. Lakini tukiijumlisha yote tumevihesabu vyumba vyote tisa, ambavyo jumla yake ni 45, na chumba cha kati tumekihesabu mara tatu zaidi. Basi mara tatu ya nambari ya kati ni 15, na nambari ya kati haina budi kuwa 5. Sasa tuitafutie 1 mahali. Ili mstari wenye 1 ufike 15 unahitaji nambari mbili zenye jumla ya 14, na jozi zilizopo ni mbili tu: 9 na 5, au 8 na 6. Pembe hupitiwa na mistari mitatu, kwa hiyo 1 haiwezi kukaa pembeni mwa mraba kwenye kona. Lazima ikae katikati ya ubavu, na nafasi za namna hiyo ni nne. Mkabala wake ni 9, na kandokando yake ni 8 na 6, kwa kupokezana namna mbili. Vyumba vilivyobaki vinajijaza vyenyewe. Nne mara mbili ni nane, basi sura ya tisa haipo, na mraba wa vyumba tisa kwa hakika ni mmoja tu wenye nyuso nane.

Linganisha hoja hiyo na kazi ya kompyuta isiyofundishwa ulinganifu. Nambari tisa zaweza kupangwa katika vyumba tisa kwa njia 362,880. Mashine inayojaribu zote, moja baada ya nyingine, itapata majibu manane na haitajua kwamba ni jibu moja. Ikiambiwa kwamba 5 ikae katikati, njia hupungua kuwa 40,320. Ikiambiwa pia kwamba 1 ikae juu na 8 kushoto kwake, hapana kilichobaki cha kutafuta. Watunzi wa programu hulijua jambo hili vyema: kabla ya kuiamuru mashine itafute, mtu hukaa na karatasi akaondoa kwanza yale yanayofanana. Katika miraba mikubwa faida yake ni kubwa mno. Mfaransa Bernard Frénicle de Bessy aliihesabu miraba ya vyumba vinne kwa vinne akapata 880, na hesabu yake ilichapishwa mwaka 1693, baada ya kufa kwake. Bila ya kuondoa sura zinazofanana ingekuwa 7,040. Miraba ya vitano kwa vitano ilihesabiwa na Richard Schroeppel kwa kompyuta mwaka 1973, ikawa 275,305,224, nayo pia ni baada ya kuweka kila sura nane kuwa moja. Ya sita kwa sita imehesabiwa katika miaka hii yetu kwa mashine nyingi kwa pamoja, na idadi yake ina tarakimu 20.

Ni katika mwaka huo huo wa 1973 ambapo jina la al-Kishnawi liliwafikia walimu wengi nje ya duru za wataalamu wa Kiarabu. Claudia Zaslavsky, mwalimu wa hesabu katika skuli ya sekondari nchini Marekani, alikuwa na wanafunzi wenye asili ya Afrika, naye alitafuta hesabu za Afrika za kuwafundisha. Katika kitabu alichokichapisha mwaka huo alieleza risala ya Sheikh wa Katsina, ambayo nakala yake iko London. Mwalimu wa kawaida wa skuli aliifanya kazi hiyo katikati ya masahihisho ya madaftari, na tunalitaja hili kwa wale wanaodhani kwamba utafiti ni wa maprofesa peke yao.

Linabaki suala la hirizi. Kila anayefundisha somo hili Unguja ajue kwamba siku moja mtoto atanyanyua mkono na kusema kwamba mraba huu uko shingoni mwa mdogo wake, au umebandikwa juu ya mlango wa bibi yake. Darasa litacheka, au litanyamaza kwa hofu. Wako walimu ambao hapo hugeuza somo likawa hotuba ya kudhihaki imani za wazee. Na wako wengine ambao hufuta ubao haraka na kuendelea na kugawanya. Njia zote mbili hazifai. Ya kwanza humvunjia mtoto heshima ya nyumba yake mbele ya wenzake, na ya pili humfundisha kwamba kuna hesabu zisizoulizwa. Mwalimu amshukuru mtoto kwa kuwa amekumbuka vyema, aseme kwamba bibi na Sheikh wa Katsina wameupokea mraba ule ule kutoka kwa wazee waliowatangulia, na aulize kama tunaweza kujua ni uso upi kati ya zile nane ulioandikwa mlangoni. Asimtume mtoto kufungua hirizi ya mtu. Hiyo ni mali na siri ya mwenyewe. Iliyo wazi kwa wote ni hesabu. Al-Kishnawi alitaka fani yake ifanywe faraghani, na sisi tunaifanya mchangani mbele ya watoto arubaini. Tunadhani kwamba jambo hili lingemtia wasiwasi, ingawa si hakika kwamba lingemchukiza, maana yeye mwenyewe aliyaandika aliyoyajua, na mwenye kuandika amekwisha kukubali kusomwa na asiowajua.

Mwanafunzi wake Hasan al-Jabarti hakuishia katika miraba. Alichora saa za jua, alichunguza mizani za masokoni Cairo na kuzisahihisha, na wanafunzi kutoka Ulaya walimjia kujifunza jiometri. Alifariki mwaka 1774.

Kwa kipindi kinachofuata, mwalimu awape watoto vyumba vinne kwa vinne na nambari 1 mpaka 16, awaambie wazifuate amri zile zile nne. Watakwama katika amri ya kwanza, kwa kuwa mstari wenye vyumba vinne hauna chumba cha kati. Wakiisha kukasirika kidogo, wajaze nambari kwa mfululizo kuanzia juu kushoto, kisha kila nambari iliyo katika mishazari miwili waitoe katika 17 na kuandika jibu mahali pake. Watapata huu:

16 2 3 13
5 11 10 8
9 7 6 12
4 14 15 1

Jumla ni 34 kila upande. Mwenye kuuliza kwa nini 17, na wapo watakaouliza, apewe chaki.